Kindle, Kobo na waifai ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Ukurasa huu ni wa wasomaji wa Mbeya, Iringa, Njombe na maeneo ya jirani ambao wana kifaa cha kusomea vitabu, kama Kindle ya Amazon au Kobo, kinachogoma kuingia mtandaoni, huku simu waliyoishika inaperuzi bila shida. Vifaa vingi nilivyoletewa kwa tatizo hili vilikuwa vizima kabisa. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu hukata tamaa haraka: kifaa kinafungiwa kabatini, na watoto waliokuwa wanasoma kila jioni wanarudi kwenye video. Soma kwanza jibu la swali linalofuata, halafu nenda moja kwa moja kwenye swali linalokuhusu.

Nianzie wapi?

Yapo mambo mawili ya kujua, na usiyachanganye. La kwanza: je, kifaa kinaifikia ruta, yaani kile kisanduku kinachorusha waifai? La pili: je, ruta yenyewe inafika nje, kwenye intaneti? Alama ya waifai unayoiona juu ya kioo inakujibu la kwanza tu. Inaweza kuwa imejaa vizuri na bado hakuna kitabu kitakachoshuka, kwa sababu bando la ruta liliisha usiku.

Kwa hiyo chukua simu, iunganishe na waifai ileile, kisha zima data ya simu. Watu wengi huiruka hatua ya kuzima data, na ndiyo inayoleta jibu la uongo: waifai ikiwa haina intaneti, simu nyingi huhamia kwenye data zake zenyewe bila kukuambia, nawe unabaki ukiamini waifai ni nzima. Ukishazima, fungua tovuti ambayo hujaifungua siku za karibuni. Ikigoma, acha kuhangaika na kifaa cha kusomea. Angalia salio, angalia umeme, angalia kama mnara una shida. Ikifunguka, basi tatizo liko kati ya kifaa na ruta, na majibu mengi hapa chini yanahusu hapo.

Kabla ya yote hayo, hakikisha hali ya ndegeni haijawashwa kwenye kifaa. Wasomaji wengi huiwasha ili kutunza chaji, wakasahau.

Simu zote nyumbani zinaiona waifai, lakini Kindle haioni hata jina lake. Imeharibika?

Karibu kila mara, hapana. Ruta za siku hizi hurusha mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Vifaa vingi vya kusomea, hasa vya zamani na vile vya bei ya chini, vinasikia ya 2.4 peke yake. Kindle Paperwhite iliyotoka 2021 na Kindle ya kawaida ya 2022 zinasikia zote mbili. Za kabla yake nyingi haziisikii ya 5. Kama mtu aliyekufungia ruta aliacha ya 5 tu, kwa simu yako mtandao upo na kwa kifaa hicho haupo.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta. Anwani yake, pamoja na jina na nywila ya kuingilia, huandikwa kwenye kibandiko cha chini au cha nyuma. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na kwenye ruta nyingi za laini ya simu za Huawei ni 192.168.8.1. Unaiandika pale juu kwenye kivinjari cha simu iliyounganishwa na ruta hiyo. Ukiwa ndani, tafuta sehemu ya waifai, washa gigahezi 2.4, kisha yape mawimbi hayo mawili majina tofauti, kwa mfano Nyumbani na Nyumbani5. Ruta nyingi huja na jina moja kwa yote mawili na kujiamulia zenyewe nani aende wapi. Kwa simu mpango huo unafaa. Kwa kifaa cha kusomea cha zamani unaleta kuunganika na kukatika kusikoisha.

Ukiwa hapohapo, angalia chaneli. Mawimbi ya 2.4 yamegawanywa katika chaneli, na kwetu ruta inaruhusiwa kutumia hata ya 12 na ya 13. Marekani hizo mbili kwa kawaida hazitumiki, na kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya soko la kule kinaweza kisizione kabisa. Ruta ikiachwa ijichagulie, siku moja inahamia chaneli ya 13 na Kindle aliyokuletea ndugu yako kutoka Chicago inakuwa kipofu bila mtu kugusa chochote. Chagua mwenyewe 1, 6 au 11. Hizo tatu haziingiliani, na kwenye nyumba zilizosongamana kama za Mwanjelwa au Kihesa, ambako kila jirani ana ruta yake, kuchagua ile ambayo majirani hawaitumii sana kunaleta nafuu kubwa.

La mwisho kwenye ukurasa huo: kama kuna mahali pa kuchagua aina za waifai zinazoruhusiwa, chagua ile inayochanganya aina za zamani na mpya. Wapo mafundi wanaozima za zamani ili ruta iwe na kasi, na wanakifungia mlango kifaa cha kusomea.

Sina ruta. Natumia hotspoti ya simu. Mbona kifaa hakiioni, au kinaunganika na kukatika?

Kwa familia nyingi za huku hotspoti ya simu ndiyo waifai ya nyumbani, kwa hiyo swali hili lina uzito sawa na lile la ruta. Sababu ya kwanza ni ileile ya mawimbi. Kwenye simu nyingi za Android, ndani ya mipangilio ya hotspoti, kuna mahali pa kuchagua bendi: weka gigahezi 2.4. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata kuna swichi ya kuongeza uoanifu wa vifaa, ipo palepale kwenye ukurasa wa hotspoti. Iwashe, nayo simu itashuka kwenye 2.4.

Sababu ya pili ni usingizi. Simu huzima hotspoti yenyewe ikiona hakuna aliyeunganishwa kwa dakika kadhaa, na kifaa cha kusomea nacho hulaza waifai yake ukifunika kava. Wakilala wote wawili, hakuna wa kumwamsha mwenzake. Zima ile hali ya hotspoti kujizima, toa simu kwenye hali ya kuokoa betri, na kwenye iPhone acha ukurasa wa hotspoti ukiwa wazi mpaka kifaa kiunganike.

Tena angalia jina la hotspoti. Simu nyingi hutumia jina la mwenye simu, na ukiwa umeweka emoji au alama za ajabu, kifaa cha zamani kinaweza kushindwa kulisoma. Jina fupi la herufi za kawaida linatosha.

Nywila ni sahihi, nimeiandika mara kadhaa, lakini kinakataa.

Kibodi ya kwenye kioo cha kifaa cha kusomea ni nzito na inachelewa kuonyesha herufi. Ukiandika haraka, herufi moja huingia mara mbili au inarukwa. Andika taratibu, washa kisanduku cha kuonyesha nywila, na tofautisha herufi kubwa na ndogo, herufi O na sifuri, herufi l na tarakimu 1. Nywila za kibandiko cha ruta ndizo zenye mtego huu zaidi.

Kama una uhakika na kila herufi, angalia aina ya ulinzi. WPA3, aina mpya ya ulinzi wa nywila ya waifai, ilitoka 2018, na kifaa kilichotengenezwa kabla ya hapo kwa kawaida hakiijui. Hakisemi kwamba hakiijui, kinasema tu kimeshindwa kuunganika. Kwenye ukurasa wa ruta chagua WPA2, iliyoitangulia, au ile inayochanganya WPA2 na WPA3. Usiteremke mpaka mtandao usio na nywila kabisa. Nyumba za kupanga zina watu wengi, na bando lako litaishia mikononi mwa watu usiowajua.

Na kama ulibadilisha nywila ya ruta wiki hii, kifaa bado kinatumia ya zamani. Bonyeza jina la mtandao, chagua kuusahau, kisha uunganishe kama mara ya kwanza.

Kimeunganika vizuri, lakini hakuna kitabu kinachoshuka wala duka halifunguki.

Rudi kwanza kwenye jaribio la simu iliyozimwa data. Bando likiisha, ruta haizimi waifai yake, na taa nyingi hubaki zinawaka. Salio la laini ya ruta huangaliwa kwenye ukurasa wa ruta au kwa kuhamishia laini kwenye simu na kupiga menyu ya kampuni yako. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote, na ndiyo inayomaliza muda wa watu bure.

Simu ikipita na kifaa hakipiti, angalia tarehe. Hili halijulikani na wengi, na linastahili maelezo. Kifaa kikiingia kwenye intaneti, kinakagua vyeti vya usalama vya tovuti, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Betri ikiisha kabisa na kifaa kikakaa kabatini miezi mingi, saa yake hurudi nyuma, wakati mwingine mpaka 1970. Kwa kifaa chenye tarehe hiyo, vyeti vyote vya leo havijaanza kutumika, kwa hiyo kinakataa kila kitu kwa usalama wako. Chaji mpaka kijae, weka tarehe na saa kwa mkono kama kifaa chako kinaruhusu (Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya dunia ya UTC), zima na uwashe, kisha jaribu tena.

Kuna pia kikomo cha vifaa. Ruta ndogo za mfukoni nyingi hupokea vifaa 10, nyingine 16 au 32. Nyumba yenye wanafunzi wanne, wageni wa Pasaka na televisheni inajaza nafasi hizo bila mtu kufahamu. Zima waifai kwenye simu mbili tatu uone kama kifaa kitapata nafasi.

Umeme ukikatika na kurudi, kifaa hakiunganiki tena mpaka kesho yake. Nifanye nini?

Ruta inahitaji dakika kadhaa baada ya umeme kurudi ili iwake na kufika kwenye mnara au kwenye faiba. Kifaa cha kusomea hujaribu mapema, kinakuta waifai ipo na intaneti haipo, kisha kinaacha kujaribu. Subiri dakika tano, washa hali ya ndegeni, ihesabie sekunde kumi, izime. Kwa kawaida inatosha.

Isipotosha, zima ruta kwa kuchomoa waya, subiri nusu dakika, washa, acha itulie, halafu ndipo uwashe kifaa. Fuata mpangilio huo, ruta kwanza. Huwa baada ya umeme kukatika ruta inagawa upya anwani za IP, yaani namba za kukitambua kila kifaa, na vifaa viwili vikajikuta vinang'ang'ania anwani moja. Kusahau mtandao na kuunganisha upya kunamaliza ugomvi huo.

Kama mnakatikiwa mara kwa mara, betri ndogo ya akiba ya ruta ni matumizi mazuri ya fedha. Soma volti zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta kabla ya kununua. Nyingi ni 12, zipo za 9 na za 5, na ukikosea unaiunguza.

Chumbani inashika, sebuleni haishiki. Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma.

Kuta za tofali za kuchoma za huku ni nene, na nyumba nyingi zina nondo madirishani, tangi la maji juu na mabati kuanzia paa mpaka jiko la nje. Bati na maji ni maadui wa waifai. Mawimbi ya 2.4 hupenya ukuta kuliko ya 5, kama ngoma ya mbali inavyosikika ndani ya nyumba wakati filimbi haisikiki, kwa hiyo kifaa chako cha 2.4 tayari kina nafuu. Toa ruta nyuma ya televisheni, itoe juu ya friji, iweke juu kwenye rafu katikati ya nyumba.

Hapa kuna mvutano kwa wanaotumia ruta ya laini ya simu. Ruta hiyo inahitaji kuuona mnara, na katika miji yetu ya mabonde na miinuko mnara unaweza kuwa upande mmoja tu wa nyumba. Jiji la Mbeya limekaa chini ya mlima Loleza, na nyumba iliyojificha nyuma ya kilima hupata mnara dirishani na kuupoteza hatua chache ndani. Katika hali hiyo mimi huweka ruta dirishani upande wa mnara na kumwomba msomaji asogee kupakua. Kitabu kinashuka kwa sekunde chache. Kikishashuka, hakihitaji mtandao tena. Unaweza kukisomea hata shambani.

Wakati wa mvua mtandao unayumba. Na radi je?

Mvua kubwa ya Tukuyu au Uyole inaweza kupunguza nguvu ya mtandao kutoka nje, hasa kwa wanaotumia dishi. Haigusi waifai ya ndani ya nyumba. Subiri ipite.

Radi ni jambo jingine. Ikianza kunguruma, chomoa adapta ya ruta ukutani, na kama una waya wa simu au wa mtandao unaotoka nje, uchomoe nao. Kuzima swichi ya kwenye soketi hakutoshi. Kifaa cha kusomea kisichajiwe wakati huo. Betri yake hukaa wiki kadhaa, hakina haraka.

Makete na Njombe mwezi wa saba kioo kinakuwa kizito. Ni mtandao?

Ni baridi. Wino wa kielektroniki ulio ndani ya kioo hicho husogea polepole kukiwa na baridi kali, na Kindle imetengenezwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 0 hadi 35 za selsiasi. Kiweke ndani ya koti kwa muda, kitarudi kawaida. Usikichaji kikiwa cha baridi kama barafu.

Nimeletewa Kindle iliyotumika kutoka Uingereza. Waifai inashika, lakini haikubali kusajiliwa.

Kuna uwezekano wa aina tatu. Huenda bado iko kwenye akaunti ya mwenye nayo wa kwanza. Mwombe aiondoe, anaweza kufanya hivyo akiwa hukohuko. Huenda iliripotiwa kupotea au kuibwa, na hapo haitasajiliwa kwa mtu mwingine, mrudishie aliyekuuzia. Au ni ya 2012 au nyuma yake na haijawahi kusasishwa: Amazon ilizitaka Kindle hizo zipate sasisho kabla ya 22 Machi 2016, na zilizochelewa haziwezi kulipata kwa waifai. Lazima upakue faili la sasisho kwenye kompyuta, ulihamishe kwa waya wa USB, kisha uchague kusasisha kwenye mipangilio. Linganisha kwa makini jina la toleo la kifaa chako na la faili.

Kindle mbili za mwanzo kabisa hazina waifai hata kidogo. Zilitegemea mtandao wa simu uliojengewa ndani. Waifai ilianza na ile yenye kibodi ya 2010. Ukiuziwa ya kabla ya hapo, utaitumia kwa waya tu.

Nimejitumia kitabu kwa barua pepe, hakijafika.

Kindle ina anwani yake ya barua pepe, na inapokea faili kutoka kwa watu uliowaidhinisha tu. Ingia kwenye akaunti yako ya Amazon, ongeza anwani unayotumia kutuma kwenye orodha ya walioidhinishwa. Faili lisizidi megabaiti 50 kwa njia ya barua pepe. Kwa kupitia tovuti yao ya kutuma vitabu unaruhusiwa mpaka 200. Tangu 2022 njia hizi zinapokea EPUB, aina ya faili inayotumika kwa vitabu vingi vya kielektroniki, na zinaigeuza zenyewe. Lakini EPUB uliyoitumbukiza moja kwa moja kwenye Kindle kwa waya haitaonekana, na wengi hudhani kifaa kimekufa. Kobo inazisoma EPUB bila kugeuzwa.

Kifaa hiki kinakula bando kiasi gani?

Kidogo sana. Riwaya ya maandishi matupu mara nyingi haifiki megabaiti 2. Vitabu vya picha vya watoto ni vikubwa zaidi, na vitabu vya sauti ndivyo vinavyokula. Jihadhari na masasisho ya programu, yanaweza kufika mamia ya megabaiti na yanajipakua yenyewe kifaa kikiwa kwenye waifai na chaji. Ukiwa na bando dogo, unganisha, pakua vitabu vyako, kisha rudisha hali ya ndegeni.

Nipo hosteli ya chuo. Simu inaingia, Kindle haiingii.

Mitandao inayotaka jina na nywila ya mwanafunzi kwa pamoja, vifaa vingi vya kusomea haviiwezi. Ile inayofungua ukurasa wa kukubali masharti, kama ya gesti, wakati mwingine hupita ukifungua kivinjari cha kifaa chenyewe na kujaribu tovuti yoyote. Njia isiyosumbua ni hotspoti ya simu yako kwa dakika mbili.

Fundi anataka kukirudisha kama kilivyotoka kiwandani. Nimruhusu?

Bado. Kwanza kizime kabisa: kwenye Kindle shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 40, hata kama kioo kinamulika kabla hazijaisha, kisha uache kiwake. Kurudisha kiwandani kunafuta vitabu vyote, pamoja na vile ulivyoingiza kwa waya ambavyo akaunti haina kumbukumbu navyo. Tena ukimaliza, kifaa kitadai waifai ili kusajiliwa, na waifai ndiyo iliyokushinda. Nimeona watu wakipoteza maktaba nzima kwa tatizo la chaneli. Nakili vitabu kwenye kompyuta kwanza, jaribu kifaa kwenye waifai ya nyumba nyingine, na kama huko nako kinakataa kila kitu, hapo mruhusu.

Waifai ya kifaa imekufa kweli. Nikitupe?

Usikitupe. Pakua calibre kwenye kompyuta. Ni programu ya bure, ipo tangu 2006, inapanga vitabu, inageuza EPUB kuwa aina inayosomeka na Kindle, na inavihamisha kwa waya. Vitabu visivyo na haki miliki vinapatikana Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, zaidi ya 70,000, vingi vya Kiingereza. Vitabu ulivyonunua Amazon ni vigumu zaidi, kwa sababu tangu 26 Februari 2025 waliondoa njia ya kuvipakua kwenye kompyuta ili kuvihamisha kwa waya.

Kompyuta isipokiona kifaa, badilisha waya kabla ya kumlaumu mtu. Waya nyingi za bei rahisi zinachaji tu, hazipitishi data. Jaribu ule unaohamishia picha kutoka kwenye simu. Na Kindle za 2024 zikiunganishwa na kompyuta ya Mac zinahitaji programu ya ziada ya kuhamishia mafaili, wakati kwenye Windows zinaonekana zenyewe.